Sauti na Picha Zinapopishana: Ulandanishi wa Kanda za Video za Utafiti wa Lugha Zinapohamishiwa katika Dijiti

Ikisiri

Kanda za video zilizorekodiwa kwa ajili ya utafiti wa lugha na fasihi simulizi zinahamishiwa katika mfumo wa dijiti kabla hazijaharibika. Katika kazi hiyo, sauti na picha mara nyingi hupishana. Makala haya yanafafanua chanzo cha mpishano huo, yanabainisha aina zake, na yanapendekeza njia ya kuupima kwa kutumia sauti za midomo za Kiswahili. Hoja yetu kuu ni kwamba kila aina ya mpishano ina tiba yake. Mtafiti anayetibu kabla ya kupima anaweza kuharibu ushahidi ambao hautapatikana tena.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi wanaisimu na wataalamu wa fasihi simulizi wa Afrika Mashariki walitegemea kinasa sauti peke yake. Kanda ya video ilipoanza kuenea katika miaka ya 1980, iliwapa nafasi mpya. Mghani aliweza kuhifadhiwa pamoja na uso wake, mikono yake na hadhira yake. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, lakini deki za video zilikuwa zimekwishaingia majumbani, maofisini na vyuoni kabla ya hapo. Kwa hiyo kanda za ngonjera, taarabu, malumbano ya watani, harusi na mahojiano na wazee ni nyingi kuliko tunavyodhani. Nyingi zimo makabatini, ndani ya maboksi, bila orodha.

Muda wa kuziokoa ni mfupi. Usumaku wa kanda hufifia, gundi inayoshikilia chembe za sumaku huchakaa, na joto na unyevu wa mwambao huharakisha uharibifu huo. Deki zenyewe zinatoweka: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wa mwisho wa deki za VHS, iliacha kuzitengeneza mwezi Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO, ikishirikiana na Chama cha Kimataifa cha Nyaraka za Sauti na Picha (IASA), ilitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku na kuutaja mwaka 2025 kuwa ukomo ambao baada yake kazi ya kuzihamisha ingekuwa ngumu mno. Ukomo huo umefika.

Haraka hiyo ina hatari yake. Kanda huhamishwa kwa vifaa vyovyote vilivyopo, faili huhifadhiwa, na kanda hutupwa au hurejeshwa kabatini. Miaka kadhaa baadaye mwanafunzi wa uzamili anafungua faili na kuona midomo ya msimulizi ikifunga baada ya neno kusikika. Je, arekebishe? Kwa kiasi gani? Na atajuaje kwamba marekebisho yake yamerejesha kile kilichotokea siku ile? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo.

2.0 Chanzo cha Tatizo

2.1 Sauti na picha ndani ya kanda

Katika kanda ya VHS picha na sauti havikai mahali pamoja. Picha husomwa na vichwa vilivyomo katika silinda inayozunguka, navyo huandika mistari ya mshazari juu ya kanda. Sauti ya kawaida huandikwa na kichwa kisichozunguka, katika ufito mwembamba wa ukingoni. Kichwa hicho kipo takriban milimita 79 mbele ya silinda. Kanda ya mfumo wa PAL inayokwenda kwa mwendo wa kawaida husafiri takriban milimita 23.4 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba sauti ya neno moja na picha ya midomo iliyolitamka zimeachana ndani ya kanda kwa safari ya sekunde 3 na zaidi. Zinakutana tu kwa sababu umbali uliotumika wakati wa kurekodi ndio unaotumika wakati wa kucheza.

Deki za Hi-Fi, zilizoingia sokoni katika miaka ya 1980, huandika sauti kwa vichwa vinavyozunguka, mahali palepale penye picha. Kanda nyingi za aina hiyo huwa na sauti zote mbili, ya ukingoni na ya Hi-Fi, na ni vyema mtafiti ajue ni ipi anayoinasa.

La kuzingatia hapa ni kwamba, madhali kanda haijakatwa na deki ni nzima, sauti na picha hutoka katika deki zikiwa pamoja. Aghalabu kanda haina kosa. Mpishano huzaliwa baada ya hapo, njiani kuelekea kwenye kompyuta.

2.2 Saa mbili zisizokubaliana

Ili kuhamisha kanda, picha hupelekwa katika kifaa kinachoigeuza kuwa namba, na sauti nayo hugeuzwa kuwa namba kwa kuchukuliwa sampuli, kwa kawaida 48,000 kwa sekunde. Kila ugeuzaji huongozwa na saa ya kielektroniki. Kifaa kizuri hutumia saa moja kwa kazi zote mbili. Lakini picha ikipitia kifaa kimoja na sauti ikaingilia kwenye kadi ya sauti ya kompyuta, saa huwa mbili, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 100 tu katika milioni, baada ya saa moja sauti na picha zitakuwa zimeachana kwa milisekunde 360, yaani fremu 9 za PAL.

Aidha, picha ya kanda kuukuu haitoki kwa mapigo yaliyo sawa. Mikunjo, vumbi na uchakavu huvuruga alama zinazokiarifu kifaa kwamba fremu moja imekwisha na nyingine imeanza. Kifaa kisipoiona alama hiyo hupoteza fremu nzima, ilhali sauti huendelea kunaswa bila kukatika. Katika PAL kila fremu ni milisekunde 40. Fremu 25 zikipotea, picha inakuwa imepungua kwa sekunde 1, na tangu hapo sauti itakuwa nyuma ya picha kwa kiasi hicho.

Tatizo hili si geni katika historia ya eneo letu. Filamu za majaribio zilizotengenezwa Vugiri, Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, zilikuwa na sauti katika santuri zilizochezwa pembeni ya mashine ya filamu. Mitambo miwili ilitakiwa kwenda pamoja. Vifaa vimebadilika, lakini msingi wa tatizo ni uleule.

3.0 Aina za Mpishano

Katika makala haya tutatumia istilahi *mpishano* kwa maana ya tofauti ya wakati baina ya tukio linaloonekana na sauti yake. Mpishano ni chanya sauti inapochelewa, na ni hasi sauti inapotangulia. Tunabainisha aina nne.

3.1 Mpishano thabiti

Huu ni mpishano ambao kiasi chake hakibadiliki tangu mwanzo wa faili hadi mwisho. Chanzo chake cha kawaida ni kifaa kinachoihifadhi picha kwa muda mfupi kabla ya kuitoa. Kirekebisha mapigo ya picha, ambacho hushika fremu nzima na kuitoa kwa mapigo yaliyo sawa, huichelewesha picha kwa fremu 1 au 2, ilhali sauti hupita moja kwa moja. Matokeo yake ni sauti inayotangulia kwa milisekunde 40 hadi 80.

3.2 Mpishano unaokua

Huu huanza ukiwa mdogo na kuongezeka kwa kiasi kilekile kila dakika. Chanzo chake ni saa mbili zilizotajwa hapo juu, au faili iliyotambulishwa kwa kiwango kisicho chake. Kosa la namna ya pili huwa kubwa. Kanda za NTSC, ambazo watafiti kutoka Marekani na Japani waliziacha nyingi katika eneo letu, zina fremu 29.97 kwa sekunde. Zikichezwa kana kwamba zina fremu 30, picha itatangulia kwa sekunde 3.6 kwa kila saa. Sauti iliyonaswa kwa sampuli 48,000 ikichezwa kana kwamba ni 44,100, saa moja itarefuka hadi dakika 65 na sekunde 18. Hapo kinachoharibika si ulandanishi peke yake. Sauti yenye masafa ya msingi ya hezi 200 itasikika na kupimwa kuwa hezi 183.75, na kila irabu itaonekana ndefu kwa karibu asilimia 9. Mtafiti wa kiimbo anayetumia faili hiyo atachapisha matokeo ya lugha isiyokuwapo.

3.3 Mpishano wa ghafla

Huu hutokea mahali mamoja au mahali pengi, kila mara kwa mruko. Mara nyingi ni fremu zilizopotea palipo na uchakavu. Baada ya mruko kiasi hukaa vilevile hadi mruko mwingine.

Kuna mruko wa pekee unaohitaji tahadhari. Kanda iliyokatika ikaungwa kwa gundi huwa na picha inayoruka papo hapo, lakini kichwa cha sauti bado kinasoma kipande cha kabla ya kiungo. Kwa muda wa zaidi ya sekunde 3 sauti itakuwa ya maneno ambayo picha yake imekatwa, kisha mambo yatarudi sawa yenyewe. Mtafiti asiyejua hili huisogeza sauti yote inayofuata, na hivyo kuharibu sehemu iliyokuwa nzima.

3.4 Mpishano wa asili

Aina ya nne si kosa. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa mita 20 kutoka kwa mghani, ikitumia maikrofoni yake yenyewe, ilipokea neno milisekunde 59 baada ya picha yake. Huo ni ukweli wa mahali pale, na ndivyo walivyosikia waliokaa karibu na kamera. Kuuondoa ni kubadili kumbukumbu. Inatosha kuuandika.

4.0 Umuhimu wake kwa Mwanaisimu

Yawezekana msomaji akauliza: kama sikio na jicho vinavumilia, kwa nini tujisumbue? Kweli watazamaji huvumilia kiasi. Pendekezo BT.1359 la Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), la mwaka 1998, linaonesha kwamba watazamaji huanza kugundua kasoro sauti inapotangulia kwa milisekunde 45, au inapochelewa kwa milisekunde 125. Tofauti ya pande hizo mbili inaeleweka: katika maisha ya kila siku sauti huchelewa kidogo kila tunapomtazama mtu aliye mbali, lakini haitangulii kamwe.

Viwango hivyo, hata hivyo, ni vya mtazamaji wa televisheni. Mwanaisimu anauliza maswali magumu zaidi. Utafiti wa Tanya Stivers na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, ulionesha kwamba muda wa wastani baina ya swali na jibu katika mazungumzo ni takriban milisekunde 200. Sasa tufikirie kanda ya mahojiano yenye mpishano chanya wa milisekunde 400. Mzee anaulizwa swali naye anaitikia kwa kutikisa kichwa milisekunde 200 baada ya swali kwisha. Katika faili hiyo kichwa chake kitaonekana kikitikisika *kabla* swali halijakwisha. Mchanganuzi atahitimisha kwamba wazee wa jamii hiyo hukatiza maswali kwa ishara, na pengine atajenga juu yake nadharia nzima ya adabu ya mazungumzo. Kiini cha nadharia hiyo kitakuwa fremu 10 zilizopotea.

Hali ni hiyohiyo katika fonetiki. Harry McGurk na John MacDonald walionesha mwaka 1976 kwamba msikilizaji aliyesikilizishwa *ba* huku akitazama midomo inayotamka *ga* mara nyingi husikia *da*. Jicho hushiriki katika kusikia. Anayenukuu matamshi ya lahaja huku akitazama video iliyopishana anaweza, bila kujua, kuongozwa na midomo ya silabi nyingine. Kwa lahaja ambazo wazungumzaji wake wakongwe wamekwishafariki, kama walivyofariki wengi waliorekodiwa miaka 30 au 40 iliyopita, hatuna pa kurudi kuuliza.

5.0 Kupima: Ushahidi wa Midomo

Watengenezaji filamu hugonga kibao mbele ya kamera ili wapate tukio moja linaloonekana na kusikika kwa wakati mmoja. Kanda zetu hazina kibao. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili anagonga kibao chake mwenyewe mara nyingi katika kila dakika, kila anapofunga midomo.

Kipasuo /p/ ndicho kinachofaa zaidi. Midomo inapofungwa sauti hukatika kabisa, na inapoachana hutokea mlipuko ulio wazi katika mchoro wa mawimbi. Maneno kama *kupata*, *kipepeo* na *papai* hutoa nafasi nzuri, kwa sababu /p/ imo baina ya irabu. Mpimaji atafute fremu ya kwanza ambayo midomo imeachana, kisha atafute mlipuko katika mchoro wa sauti, na atoe wakati wa picha katika wakati wa sauti.

Nazali /m/ inafaa pia, lakini kwa kupima mwanzo wake, yaani fremu ambayo midomo inakutana. Kipasuo /b/ kina matatizo. Wazungumzaji wengi huitamka kwa kuvuta hewa ndani, na mtetemo wa nyuzi za sauti huendelea wakati midomo imefungwa, hivyo mlipuko wake ni hafifu.

Lahaja nayo izingatiwe. Katika Kimvita, kwa mfano, *paa* la nyumba halina mpumuo ilhali *paa* mnyama anao. Baina ya mlipuko na irabu ya neno la pili upo muda wa ziada unaoweza kufikia makumi ya milisekunde. Mpimaji anayetumia mwanzo wa irabu badala ya mlipuko ataihesabu sifa ya lahaja kuwa kosa la mtambo.

Pale ambapo midomo haionekani, kwa sababu ya ushungi, maikrofoni au kamera kuwa mbali, yatumike matukio mengine: kofi, pigo la ngoma, kikombe kinapowekwa mezani.

Kuhusu usahihi, fremu ya PAL ya milisekunde 40 imeundwa kwa nusu mbili zilizonaswa kwa kupokezana, kila moja ikiwa ya milisekunde 20. Programu inayozitenganisha nusu hizo humpa mpimaji picha 50 kwa sekunde badala ya 25. Hata hivyo, kipimo kimoja hakitoshi. Tunapendekeza matukio 5 katika kila mahali panapopimwa, na mahali pasipungue 3: karibu na mwanzo, katikati na karibu na mwisho. Kwa kila mahali ichukuliwe thamani ya katikati.

Vipimo vifanywe kwa kusoma fremu na mchoro wa mawimbi, visifanywe kwa kutazama na kusikiliza. Skrini nyingi za kisasa huichelewesha picha, na spika zisizo na waya huichelewesha sauti zaidi. Mpishano unaoonekana sebuleni unaweza usiwemo katika faili.

Tutoe mfano wa kubuni wa kanda ya dakika 60 iliyopimwa katika dakika ya 2, ya 30 na ya 58. Kwa ufafanuzi, tulinganishe matokeo matatu yanayoweza kupatikana:

(a) milisekunde 80, 80, 80: mpishano ni thabiti.

(b) milisekunde 80, 360, 640: mpishano unakua kwa milisekunde 10 kila dakika.

(c) milisekunde 80, 80, 480: upo mruko wa fremu 10 mahali fulani baina ya dakika ya 30 na ya 58.

Mtafiti aliyepima mwanzo peke yake angepata jibu lilelile, 80, katika hali zote tatu, na angetoa tiba moja kwa maradhi matatu.

Matokeo (b) yanahitaji uchunguzi wa ziada. Dakika 60 za PAL zinapaswa kuwa na fremu 90,000. Ikiwa faili ina fremu 89,985, basi fremu 15 zimepotea, na 15 mara 40 ni milisekunde 600, kiasi kilekile kinachotokana na milisekunde 10 kwa dakika. Hapo tatizo linaweza kuwa mirukoruko midogo iliyosambaa, wala si saa mbili. Ili kuthibitisha, mtafiti apime mahali 10 au zaidi. Saa mbili hutoa mstari ulionyooka. Fremu zilizopotea hutoa ngazi.

6.0 Kurekebisha

Mpishano thabiti ndio mwepesi kuliko yote. Sauti husogezwa mbele au nyuma kwa kiasi kilichopimwa, bila kuigusa kwa namna nyingine. Programu huria ya FFmpeg hufanya hivyo bila kuisimba upya picha wala sauti. Anayetumia ELAN, programu ya kuchanganulia video iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha, Nijmegen, anaweza kulandanisha faili mbili ndani ya programu yenyewe na kuziacha faili zilivyo.

Mpishano unaokua hauwezi kuponywa kwa kusogeza. Ukisawazisha mwanzo, mwisho utapotea, na ukisawazisha katikati, pande zote mbili zitapotea nusu nusu. Urefu wa sauti lazima ubadilishwe. Katika mfano (b), milisekunde 10 kwa kila milisekunde 60,000 ni sehemu 1 katika 6,000, kwa hiyo sauti ifupishwe kwa kuzidishwa na 0.999833, kisha isogezwe kwa milisekunde 60 zilizokuwapo tangu dakika ya sifuri.

Namna ya kufupisha ina maana kubwa kwetu. Zipo njia mbili. Ya kwanza hubadili mwendo wa sauti yote, pamoja na kidatu chake. Ya pili hubadili urefu huku ikikitunza kidatu, nayo hufanya hivyo kwa kukata na kuunganisha vipande vidogo vya mawimbi. Programu nyingi huisifu ya pili, na kwa muziki wa harusi haina ubaya. Kwa isimu, ya kwanza ndiyo salama. Katika mfano wetu hezi 200 itakuwa hezi 200.03, tofauti isiyoathiri kipimo chochote cha kiimbo. Njia ya pili huingiza ndani ya irabu na vipasuo mishono isiyokuwapo, na mishono hiyo haiwezi kutofautishwa baadaye na matamshi ya msemaji.

Kwa mpishano wa ghafla, tiba bora ni kuinasa kanda upya. Isipowezekana, mahali pa mruko patafutwe kwa kupima kila dakika, kisha kila sekunde kumi, na fremu zilizopotea zijazwe kwa kurudia fremu ya mwisho iliyo nzima. Sauti isikatwe ili kuifuata picha. Picha imekwishapotea, kukata sauti ni kupoteza data mara ya pili.

Ipo hali moja zaidi. Watafiti wengi walirekodi sauti kwa kinasa sauti cha kaseti huku kamera ikirekodi picha pembeni. Mwendo wa kaseti hupanda na kushuka kadiri betri na mpira wake vinavyochoka, hivyo hakuna namba moja inayoweza kuilandanisha na video. Hapo sauti hafifu ya kamera itumike kama ramani: matukio yaleyale yatafutwe katika sauti zote mbili kila baada ya dakika moja au mbili, na kila kipande kirekebishwe peke yake.

7.0 Kinga

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sehemu kubwa ya matatizo haya huzuilika wakati wa kunasa. Kwanza, picha na sauti zipitie kifaa kimoja chenye saa moja. Pili, baina ya deki na kifaa hicho kiwekwe kirekebisha mapigo ya picha, na ucheleweshaji wake upimwe mara moja na kuandikwa. Tatu, faili iwe na idadi isiyobadilika ya fremu kwa sekunde. Vifaa vya bei nafuu hutoa faili zenye idadi inayobadilika, na kila programu huzisoma kwa namna yake: faili iliyo sawa katika simu huonekana imepishana katika ELAN. Nne, taarifa ya kifaa kuhusu fremu zilizopotea isomwe kabla kanda haijatolewa katika deki. Tano, kanda irudishwe mwanzo na kupelekwa mwisho mara moja kabla ya kunaswa, na vichwa vya deki visafishwe.

Jambo jepesi zaidi husahaulika: kupima mwanzo, katikati na mwisho kungali mapema, wakati kanda na deki vipo mezani. Kipimo cha dakika 20 huokoa kazi ya wiki.

8.0 Kuhifadhi na Kuandika

Kwa mintarafu ya uhifadhi, tunapendekeza faili mbili. Ya kwanza ni *faili ya hifadhi*, iliyo kama ilivyonaswa, pamoja na mpishano wake. Isiguswe. Kwa hiyo itumike simbiko isiyopunguza data, kama FFV1, ambayo ni miongoni mwa zile zinazojadiliwa katika mwongozo wa IASA wa kuhifadhi video, TC-06. Ya pili ni *faili ya matumizi*, iliyorekebishwa.

Mgawanyo huu una faida ya kiisimu pia. Anayepima vidatu, urefu wa irabu au mpumuo katika programu kama Praat haihitaji picha. Na atumie sauti ya faili ya hifadhi, baada ya kuhakikisha tu kwamba kiwango cha sampuli ni sahihi. Anayechunguza ishara, zamu na macho atumie faili ya matumizi.

Pamoja na faili hizo iwekwe karatasi inayoeleza deki na kifaa kilichotumika, mfumo wa kanda, vipimo vya mpishano na mahali vilipochukuliwa, marekebisho na namba zake, na jina la aliyerekebisha. Tasnifu inayotumia data hiyo iutaje mpishano uliobaki kama inavyotaja idadi ya watoataarifa. Mtafiti anayedai kwamba ishara fulani hutangulia neno kwa milisekunde 100 hana budi kuonesha kwamba faili yake inaaminika ndani ya milisekunde 100.

9.0 Hitimisho

Tumeonesha kwamba kanda yenyewe aghalabu haina kosa, na kwamba mpishano huzaliwa pale saa mbili zinapofanya kazi ya moja au fremu zinapopotea. Tumebainisha aina nne, mojawapo ikiwa haistahili kurekebishwa kabisa, na tumeeleza jinsi sauti za midomo zinavyoweza kutumika kuzitofautisha. Ujuzi wa kupima huu si wa mafundi peke yao. Fundi anajua saa na kebo. Mwanaisimu ndiye anayejua kwamba /p/ ina mlipuko, kwamba /b/ huvuta hewa, na kwamba mpumuo wa Kimvita si ucheleweshaji wa mtambo.

Idara zetu zinaweza kuanza na hatua ndogo: kuorodhesha kanda zilizomo makabatini, kutenga deki moja inayofanya kazi, na kuwafundisha wanafunzi wa uzamili kupima kabla ya kurekebisha. Kanda iliyokwisha kutupwa haiwezi kupimwa tena. Zilizobaki bado zinaweza.